Pagazi wa Betri

Haya nitakayoyasema ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa kwa macho yangu mawili, hili linaloona na hili lenye mtoto wa jicho. Na kwa kuwa najua hapa Isevya kuna watu wasiokubali kuwa jua limechomoza mpaka liwachome utosi, naweka rehani kabisa: jogoo wangu mwekundu, yule anayewika saa nane mchana kama amerogwa. Atakayenionyesha uongo mmoja humu, mmoja tu, amchukue. Sasa tulieni.

Mwaka ulikuwa wa sabini na tano. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, sukari ilikuwa ya foleni, na pale Tabora, kando ya reli, Ushirika wa Mavuno ulikuwa na maghala matano ya tumbaku na nta. Katika Ghala Namba Nne, Jumatatu saa tatu asubuhi, nyapara Alois alibanwa ukutani na mashine mpaka akafa, mbele ya wachukuzi kumi na wawili waliokuwa wakimpigia makofi.

Jumatano saa nne, Inspekta Kasimiri aliingia ghalani humo akitafuna karanga. Mfukoni alikuwa na karatasi: ungamo la Masolwa, mwendeshaji wa mashine ile, limetiwa dole gumba la wino wa buluu kwa hiari yake mwenyewe, baada ya siku mbili za mazungumzo ya upole na chai ya maziwa. Treni ya jioni ilikuwa imchukue Masolwa na pingu zake kwenda kwa jaji, na huko kwa jaji kilichokuwa kikimngojea ni kamba. Hapakuwa na kazi iliyobaki. Inspekta alitaka tu kuiona mashine, kwa sababu kwenye fomu kulikuwa na nafasi moja tupu, ile ya kueleza silaha iliyotumika, naye alikuwa mtu asiyependa nafasi tupu.

Masolwa mwenyewe aliletwa na makonstebo wawili waliomshika makwapani, wakamketisha juu ya gunia. Hakusimama kumwamkia mtu. Uvivu wa mahabusu, mnaujua. Miguuni alikuwa amefungwa vitambaa vya gunia, bila shaka kwa ajili ya baridi ya Juni.

Karibu na mlango waliweka kimeza, na juu yake taipu. Nyuma ya taipu alikaa Zamda, karani wa ghala, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, kanga mabegani, herini za dhahabu masikioni, vidole vyepesi kama vya mpiga zumari. Inspekta alimtaka apige maelezo yote yatakayosemwa, palepale yanaposemwa.

"Hata ya kipuuzi, dada?" Zamda aliulizwa na konstebo.

"Ya kipuuzi ndiyo mengi," alijibu, akatia karatasi.

Mashine ilikuwa imeegeshwa katikati ya sakafu ya saruji. Toroli ya umeme, fupi, pana, rangi ya chungwa, zawadi ya wafadhili wa Ulaya. Mbele ilikuwa na sanduku la chuma lenye mkono mrefu kama wa mkokoteni. Nyuma zilitoka ndimi mbili za chuma, bapa, zilizolala sakafuni. Wachukuzi wa Kinyamwezi, ambao babu zao walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani kwa mabega, walipoiona mara ya kwanza waliizunguka kimya, kisha mmoja akaiita Pagazi. Jina likaganda.

Inspekta alimwita Malek, fundi wa betri, mtoto wa duka la baiskeli, aliyefundishwa mashine ile kwa wiki tatu na Mzungu mmoja aliyekuwa akilia kwa joto.

"Eleza," Inspekta alisema. "Kama unamweleza mtoto mzito wa kuelewa."

"Nianzie wapi, afande?"

"Anzia tumboni mwake."

Malek alifunua kifuniko cha sanduku. Betri zilikuwa zimepangwa humo kama mikate. "Hizi ndizo ugali wake. Volti ishirini na nne. Kila jioni nachomeka ukutani, asubuhi nachomoa. Jumamosi naongeza maji ya betri. Siyo ya bomba, afande, ukitia ya bomba umeiua. Umeme unashuka hapa, kwenye mota. Mota imekalia gurudumu hili moja la mbele, chini ya mkono. Ndilo linalosukuma, ndilo linalokata kona. Na hii ni pampu, inasukuma mafuta, ndimi zinapanda."

"Zinapanda mpaka wapi?"

"Kiganja kimoja tu. Inatosha. Magunia yanapangwa juu ya chaga ya mbao, ndimi zinaingia chini ya chaga, zinainuka kidogo, mzigo umeachana na sakafu. Tani moja na nusu, na mtu anaiendesha kwa kidole gumba, na hiki kipepeo hapa. Ukikizungusha huku inakuja, ukikizungusha kule inarudi."

"Na hivi vigurudumu vya kwenye ndimi? Mbona kama makopo ya maziwa?"

"Ndiyo maana haitoki nje. Siku ya kwanza walitaka kuipeleka mpaka kwenye behewa. Ilivuka kizingiti hatua moja, ikazama mchangani kama nguruwe. Watu ishirini kuichomoa. Tangu hapo haijakanyaga nje ya saruji."

Taipu ilikuwa ikilia nyuma yao, ta-ta-ta, bila kukwama.

"Sasa niambie," Inspekta alisema, akitema ganda, "inasimamaje?"

Malek alishika mkono wa mashine. "Ukisimama wima hivi, breki imekamata. Ukilala chini kabisa, breki imekamata. Inakwenda mkono ukiwa katikati tu. Na ukiuachia, kuna springi, unaruka wima wenyewe." Aliuachia. Mkono ukaruka, kitu ndani kikasema *kaa*. "Mwendeshaji akizimia, mashine nayo inasimama palepale. Haiwezi kwenda yenyewe hata ukiipigia magoti."

"Kwa hiyo aliyembana Alois alikuwa ameushika mkono."

"Ameushika, ndiyo." Malek hakumtazama Masolwa.

"Na hiki?"

Kwenye ncha ya mkono, pale unapomwelekea mwendeshaji, kulikuwa na kitufe chekundu kipana kama mdomo wa kikombe.

"Hicho ni cha tumbo. Mwendeshaji anatembea mbele, mashine inamfuata. Akirudi kinyumenyume asiuone ukuta, mashine itamgandamiza. Kitufe kikigusa tumbo tu, mashine inaruka nyuma yenyewe. Inamtema."

"Jumatatu haikumtema."

"Hapana, afande."

Kuzunguka kitufe kulikuwa na nta, nyeusi, imejazwa kwenye ufa kama udongo wa kiota. Ni nta hiyo iliyomfikisha Masolwa pale alipokuwa. Si ya manjano kama iliyojaa ghalani. Ilikuwa ya nyuki wadogo wasiouma, inayotoka misituni Usinge, na katika ghala zima mtu wa Usinge alikuwa mmoja. Masolwa alikuwa na donge lake kwenye boksi la chakula, la kuzibia viatu.

"Nani alianzisha mchezo wa ukuta?" Inspekta aliuliza.

Masolwa akasema kutoka juu ya gunia, sauti imekauka: "Marehemu. Aliuita kubatiza. Mchukuzi mgeni anasimamishwa pale ukutani. Mimi nashika mkono wa mashine kwa ubavuni, nampelekea. Ndimi zimebeba tani nzima, ili aisikie sakafu inavyotetemeka. Anapiga kelele, anamwita mama yake. Wenzake wanapiga makofi kwa mpigo mmoja. Kitufe kinamgusa, Pagazi anaruka nyuma. Halafu watu wanacheka."

"Na wewe ulicheka?"

"Nilicheka, afande."

Ta-ta-ta, ilisema taipu. *Nilicheka.*

"Jumatatu alisimama mwenyewe. Kwa nini?"

"Wafadhili walikuwa waje saa tano," Malek alisema. "Alitaka kuwaonyesha kwa tumbo lake jinsi mashine yao ilivyo salama. Akasema tufanye mazoezi kwanza."

"Mashine ikambana. Masolwa, kwa nini hukuirudisha nyuma?"

"Niliachia. Nilipoona macho yake nikaachia."

Malek aliushika tena mkono wa mashine. "Akiachia, mkono unataka kusimama wima, na tumbo la nyapara likausukuma juu zaidi. Mkono ukasimama kifuani pake, breki ikakamata. Kuirudisha nyuma lazima uulaze mkono katikati, na hapo katikati yupo mtu. Ile breki ya kuokoa watu ndiyo iliyomshika. Ikabidi tushushe magunia moja moja, tukaazime jeki kule reli."

"Muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Makofi yalikuwa ya nini?"

"Dakika za mwanzo tulipiga makofi, afande," Masolwa alisema. "Kila anayebatizwa hupiga kelele vile. Tulidhani anatuigiza. Alikuwa mtu wa kuigiza sana."

Konstebo mmoja aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Inspekta hakumkemea; yeye mwenyewe alikuwa anauma shavu kwa ndani.

Aliinama akakitazama kitufe. Akaweka kidole gumba, akabonyeza. Nta nyeusi ikaminyika pembeni kama ugali wa jana, na kitufe kikashuka: *ti*. Akabonyeza tena. *Ti*.

Alisimama hivyo kitambo, dole gumba likinata. Nta ya Usinge ni laini. Ikiwa kidole cha mtu mwembamba kinaishinda, tumbo la Alois la kilo tisini na tano lingeshindwaje? Nta ile haikuzuia kitu. Ilikuwa imewekwa pale ionekane.

Mtu mwingine angepata kichefuchefu kwa kukumbuka karatasi iliyokuwa mfukoni. Inspekta Kasimiri alikunja uso kama mtu aliyekanyaga kitu, basi. "Watoeni wote," aliwaambia makonstebo. "Wapeni chai. Nusu saa."

Alipobaki peke yake na Pagazi alitoa kisu chake kidogo. Kichwa cha mkono kilifungwa kwa skrubu nne ndogo, ndogo kweli, kama za saa. Ya kwanza ilimvunjia ncha ya kisu na ikabaki na mkwaruzo mweupe. Zile tatu nyingine hazikuwa na mkwaruzo, lakini vumbi la tumbaku lililojaa kila ufa wa mashine ile halikuwa kwenye vichwa vyake. Kuna mtu aliyezifungua karibuni kwa bisibisi ya saizi yake. Bisibisi za Malek aliziona kwenye sanduku la vyuma: fupi kuliko zote ilikuwa kama mkuki wa kuulia nguruwe.

Alizilegeza zote kwa kisu kilichobaki, akafunua kifuniko. Nyaya mbili zilikwenda kwenye kitufe. Mmoja ulikuwa mahali pake. Wa pili ulikuwa umechomolewa kwa adabu, ukakunjwa, na ncha yake ikafungwa kitambaa chembamba ili isiguse chuma. Alipokishika vidole vyake vilitoka vyeusi na vyekundu. Utepe wa taipu.

Lakini alitazama tena betri, na nyaya zake nene nazo zilikuwa zimefungwa pamoja kwa tepe za taipu, kuukuu, alizozichukua Malek jalalani. Basi watu wawili. Mmoja ana ujuzi na utepe. Mwingine ana utepe na, ndani ya droo ya taipu, kila karani anajua kuna nini: brashi, chupa ya mafuta, na bisibisi ndogo ya saizi ya msumari.

Na aliyechomoa waya alijua jambo moja zaidi. Siku nyingine zote pale ukutani husimama mchukuzi mgeni. Jumatatu tu ndipo angesimama nyapara. Ungeuchomoa waya siku nyingine, ungeua maskini.

Alirudisha kifuniko bila kuugusa waya. Akakwangua nta yote, akaifuta kwa leso. Akafungua mlango.

"Barua ya kutangaza kuja kwa wafadhili," alisema walipokwisha kukaa, "nani aliisoma kabla ya Jumatatu?"

Taipu ikanyamaza kwa mara ya kwanza.

"Mimi," alisema Zamda. "Inakuja kwangu. Meneja yuko Dar wiki ya pili hii. Nyapara nilimsomea, akasema atasimama ukutani mwenyewe. Malek nilimwambia Ijumaa, ili aioshe mashine."

"Na Masolwa?"

"Aliambiwa Jumatatu palepale, mashine iko mkononi." Akaendelea kupiga.

"Sawa. Tumalize, treni isituache." Inspekta alipangusa mikono. "Mkosaji ni nta. Nimeitoa, nimekijaribu kitufe, mashine ni nzima kama siku ilipozaliwa. Lakini jaji atataka kujua kuwa imejaribiwa mbele ya mashahidi. Malek, simama ukutani."

"Mimi?"

"Wewe ndiye fundi. Au huiamini kazi yako?"

Malek alikuna shingo. "Kama umekijaribu mwenyewe, afande..." Akaenda. Aliegemea ukuta mikono mfukoni, mahali palepale, doa la Jumatatu likiwa usawa wa kiuno chake. Inspekta alimrushia karanga, akaidaka kwa mdomo, makonstebo wakashangilia.

Masolwa alibebwa mpaka kwenye mashine. Hakuweza, samahani, hakutaka kusimama, basi alipiga magoti, konstebo mmoja akamshika kiunoni. Akaulaza mkono katikati. Kipepeo kikazunguka. Pagazi akaja, mota ikivuma kama nyuki ndani ya mzinga, chuma chake chote kikitetemesha saruji, moja kwa moja kwenye kitovu cha Malek, aliyekuwa anatafuna.

Inspekta alijua kuwa haitamtema. Alihesabu hatua. Tatu. Mbili. Moja. Shubiri moja kabla ya tumbo ndipo akapaza sauti: "Achia!"

Mkono uliruka wima. *Kaa*.

"Mbona umeisimamisha?" Malek alilalamika. "Ingeruka yenyewe."

"Nakuamini," alisema Inspekta, na kweli alimwamini. Aliamuru mashine irudishwe nyuma. "Dada Zamda. Zamu yako."

Zamda alimaliza mstari aliokuwa akiupiga. Akaweka nukta. Akavuta kifuniko cha taipu, akaifunika vizuri, pembe zote nne. Kisha akainua mikono akavua herini ya kulia, akavua ya kushoto, akazifunga kwenye pindo la leso, akampa Malek.

"Mpelekee mama, Gongoni. Mkabidhi mwenyewe mkononi."

Akaenda ukutani, akaweka mgongo, akamtazama yule mtu aliyepiga magoti.

"Endesha, Masolwa," alisema. "Endesha kama ulivyomwendeshea Twalibu."

Masolwa aliulaza mkono wa mashine katikati, lakini dole gumba lake halikwenda kwenye kipepeo.

"Twalibu ni nani?" Inspekta aliuliza.

"Mdogo wake Zamda," Malek alinong'ona. "Alibatizwa mwezi wa tatu. Alijikojolea, afande. Wakamwita Masika. Kila akipita, Masika, Masika, mpaka watoto wa sokoni. Siku ya tano alipanda treni mpaka Kigwa, akashuka, akalala relini kuingojea ya kurudi."

"Endesha!" Zamda alipiga kelele. "Una mkono au huna?"

Masolwa aliachia. Mkono ukaruka wima, naye akaanguka kifudifudi kwenye saruji, akilia kwa sauti ya juu, sauti ya mtoto.

Inspekta alichambua karanga nyingine. "Dada, kwa nini umevua herini?"

"Zilinibana."

"Malek hakuvua saa."

Zamda alirekebisha kanga begani.

"Malek ameamini kitufe kinafanya kazi, akasimama akila. Mtu anayeamini kitufe hamgawii mama yake urithi. Ulijua kuwa waya umechomolewa. Ulitaka Masolwa akubane mbele yangu, mbele ya askari, ili hata nikigundua kuwa si yeye aliyemwua Alois, awe amekuua wewe. Kamba isimpite." Alinyoosha vidole vyake, vyeusi na vyekundu. "Tepe za Malek ni kuukuu, hazichafui hata kidole. Huu wa ndani ya mkono bado una wino. Uliufungua lini mkono wa mashine?"

"Jumamosi mchana." Zamda alisema kama anayejibu bei ya chumvi. "Wameondoka wote. Skrubu nne, dakika sita."

"Na nta?"

"Walipomlaza chini. Kila mtu alikuwa anamtazama usoni, kama atasema neno. Mimi nilikuwa na kipande nilichomega kwenye donge la Masolwa, kimefungwa kwenye kanga."

"Alois naelewa. Masolwa aliamriwa."

"Mmoja aliamuru, mmoja aliendesha. Nilikuwa na ukuta mmoja na kamba moja. Nikagawa." Alimtazama Inspekta juu mpaka chini. "Na wewe ulinisaidia sana, afande. Nilitegemea ungechukua wiki kumfanya akubali. Umechukua siku mbili."

Konstebo aliyemshika Masolwa alitazama pembeni.

Inspekta aliacha kutafuna. Kisha akaonyesha kimeza kwa kidevu. "Kaa. Funua taipu. Piga mwenyewe, nisije nikakosea."

Akakaa, akafunua, akapiga maelezo yake kurasa mbili na nusu, nafasi pana, bila kukosea herufi hata moja, akayasoma, akatia saini. Saa kumi na mbili jioni treni iliondoka na pingu zilezile, zimebadilishwa mikono tu.

Na Masolwa? Ah! Sasa sikilizeni jinsi Inspekta Kasimiri alivyokuwa muungwana. Alilichana lile ungamo vipande vidogo. Akamwinua Masolwa, akamketisha juu ya ndimi za Pagazi, akamfunika koti lake mwenyewe, akaushika mkono wa mashine, akamwendesha kutoka ghalani, akavuka reli, akapita sokoni watu wakipiga vigelegele, mpaka hapa Isevya, mpaka mlangoni kwake, mkewe akatoka mbio...

"Hapo," sauti ikasema.

Nilikuwa nasoma sura hii kibarazani pa duka la Fakhrudin, majirani wamejaa mpaka kwenye magunia ya dengu. Sauti ilitoka nyuma, kwa Marcelina, ajuza wa nyumba ya tatu, ambaye huja kila ninaposoma na hasemi kitu.

"Hapo wapi, mama?" niliuliza.

"Rudi juu. Ulisema magurudumu ya mashine ni kama makopo ya maziwa. Ukasema hatua moja nje ya saruji inazama, watu ishirini kuichomoa." Alielekeza fimbo yake njiani, kwenye mchanga wetu huu wa Tabora unaomeza hata baiskeli. "Imefikaje Isevya?"

Fakhrudin alicheka kwanza, halafu kibaraza kizima. Walipiga makofi, tena kwa mpigo. Nami nilicheka, nikisema lo, nimenaswa, jogoo ameondoka.

Marcelina alikuwa hacheki. Akangoja wanyamaze.

"Masolwa mume wangu hakupanda kitu, Afande Kasimiri," alisema, na jina hilo na cheo hicho hakuna aliyeniita navyo tangu nistaafu nikahamia huku. "Nilimbeba mimi. Mgongoni, kutoka kituoni kwako mpaka mlango ule. Vile vitambaa vya miguuni havikuwa vya baridi. Nilivibandua kwa maji ya moto siku mbili, vikatoka na nyayo. Miaka kumi na tisa aliyoishi baada ya hapo alitembelea makalio. Na chai ya maziwa hakuwahi kuionja."

Nilitafuta karanga mfukoni, hazikuwamo.

Niliinuka nikaenda nyumbani. Nikamkamata jogoo, akanirarua mkono, nikamfunga miguu kwa kamba kama tunavyowafunga, nikamrudisha kibarazani kichwa chini. Watu walinipisha njia pana kuliko nilivyohitaji. Nilimkabidhi Marcelina kwa mikono miwili.

Alimpokea. Hakumning'iniza. Aliinama polepole, akamweka mchangani, akatafuta fundo kwa vidole vyake vibovu, akalifungua, kamba akanirudishia.

"Huyu atatembea," alisema.

Akaondoka na fimbo yake, na jogoo, mpumbavu yule, akamfuata nyuma kwa miguu yake miwili mpaka mlango wa tatu.